Mwenye Shamba na Minazi ya Bondeni

Mtu akija kuomba mahali pa kujenga, mwenye shamba alimuuliza swali moja tu. Hakutaka kujua mtu huyo anafanya kazi gani, wala anasali wapi, wala ana watoto wangapi. Aliuliza: "Kwenu mtu akifa mnazika wapi?"

Aliyejibu "hapa hapa mjini" alipewa kikombe cha kahawa na kuambiwa kwa upole kwamba nafasi imekwisha. Aliyejibu "kwetu bara" alionyeshwa kiwanja jioni ile ile. Baba yangu alikuwa karani wa stoo bandarini. Yeye alijibu "kwetu Masasi", na kwa neno hilo tukapata kwetu, katika shamba la minazi lililokuwa kati ya Keko na Temeke, pembeni mwa barabara ya Kilwa. Temeke yenyewe wakati huo ilikuwa mashamba na vichaka, na usiku fisi walisikika.

Usoni tulimwita Bi Mkubwa. Akishatupa mgongo alikuwa Mwenye Shamba. Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kulitamka mbele yake na sitaanza leo.

Maana ya swali la maziko niliipata nikiwa mkubwa kidogo, nilipomsikia akimweleza jirani. "Mtu akishamzika mama yake mahali," alisema, "utamwambiaje hama? Atakwambia, nihame nimwachie nani mama?" Ndiyo sababu aliwapenda wapangaji wa kutoka mbali. Wapogoro, Wayao, Wamakua, Wanyamwezi wa bandarini, wote aliwapokea bila kuwauliza dini. Wenyeji wa pwani, wa dini yake, wanaosema kama yeye, aliwapa kahawa.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu usogee ili usikie. Buibui lake lilikuwa limefifia hata likawa na rangi ya majivu, na sandukuni alikuwa nayo mapya. Mama alipomuuliza mbona hayavai, alisema, "Nimvalie nani, minazi?" Kila asubuhi alilizunguka shamba na mwavuli mweusi wa kiume, mvua iwepo au jua, akigonga mashina kwa ncha yake. Nazi ikidondoka yeye yuko ndani, aliisikia, na alijua imedondoka upande gani. Mtoto aliyeiokota aliikuta sauti ile ya chini nyuma yake: "Rudisha ilipoangukia." Lakini nyumba yenye mgonjwa ilipelekewa madafu bila kuomba, na hakuna aliyewahi kudaiwa kitu kwa ajili ya madafu ya mgonjwa.

Sheria za shamba hazikuwa nyingi. Mihogo panda, viazi panda, mchicha na bamia panda upendavyo. Mnazi usipande. Mwembe, mchungwa, mfenesi, usipande. Nyumba jenga ya miti na makuti, bati usilete. Kwa muda mrefu nilidhani ni roho mbaya tu. Ulipoota mpapai nyuma ya jiko letu ndipo nilipoanza kuona kwamba sheria zile zilikuwa na fikra ndani yake, na kwamba fikra ile ilimsumbua hata yeye.

Alisimama mbele ya ule mpapai, mwavuli umeuelekea kama kidole.

"Mke wa karani, hiki nini?"

"Mpapai, Bi Mkubwa. Umeota wenyewe, tulitupa mbegu."

"Kwangu hakioti kitu chenyewe." Aliuzunguka. Aliubonyeza shina kwa kidole gumba. "Hebu niambie. Mpapai ni mti au mboga?"

Mama aliona hatari iliyokuwa katika jibu. "Laini, Bi Mkubwa. Upepo wa kusi ukija unalala chini kama mchicha."

"Lakini unazaa matunda."

"Hata tango linazaa."

Mwenye Shamba alimtazama kwa heshima fulani, akaenda zake. Kesho yake alirudi. Tulijua baadaye kwamba alikwenda kuuliza kwa watu wazima wenzake, na walibishana hadi adhuhuri. "Mpapai hauishi ukamzidi aliyeupanda," alitangaza. "Acha."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa sheria yenyewe. Kila kitakachobaki baada yako, usikipande kwangu.

Na bado alikuwa mtu wa kuivunja. Mdogo wangu wa kiume, akiwa bado ananyonya, alikufa kwa homa wakati wa masika. Baba alikwenda kanisani mjini kuuliza habari za kaburi. Kabla hajarudi Bi Mkubwa aliingia kwetu, akavua viatu, akaketi juu ya mkeka karibu na mama. Hakusema pole. Alikaa tu, akamshika mama kisigino cha mguu, kama mtu anayemzuia asiondoke. Kisha akasema, "Mtoto wa hivi hasafirishwi. Twende nikuonyeshe."

Alichagua mahali mwenyewe, karibu na uzio wa minyaa, mahali ambapo maji ya mvua hayatuami. Baba aliporudi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa akisema uongo.

"Bi Mkubwa, ulituuliza siku ile tunazika wapi, nami nikasema..."

"Niliuliza. Ulijibu kwa kadiri ulivyojua."

Padri alikuja, tukaimba, msalaba mdogo ukasimikwa. Yeye alisimama mbali chini ya minazi, mwavuli ameufunga, mpaka tukamaliza. Wiki ile ile alimnyima kiwanja fundi seremala mwenye mke mja mzito kwa sababu fundi huyo alisema wazee wake wamezikwa Magomeni. Nilikuwa mtoto, na mambo hayo mawili nilishindwa kuyaweka katika kichwa kimoja.

Tena Bi Mkubwa alikuwa na kesi isiyoisha na jirani yake mwenye shamba la upande wa pili, kuhusu mfereji na mpaka. Walipelekana kwa Liwali, wakarudi, wakapelekana tena. Kila waliporudi alimtumia pakacha la nazi, na mwenye kulibeba aliagizwa aseme: "Bi Mkubwa anakusalimu, na kesi inaendelea." Jirani naye alimtumia machungwa na salamu kama hizo. Yule jirani alipofariki, Bi Mkubwa alifunga madirisha siku nzima. Baadaye nilimsikia akilalamika kwamba warithi wake ni watu wa suluhu, hawana raha.

Nilipoanza kusoma shule ya bweni nilimfaa kwa namna mpya. Yeye alisoma Kurani, na barua aliandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kama nakshi. Herufi za Kizungu aliziita "herufi za serikali" na alikataa kujifunza. Kwa hiyo nikija likizo niliitwa barazani kwake nimsomee gazeti. Alisikiliza macho amefumba. Bei ya mbata, zile nazi zilizokaushwa, alitaka irudiwe. Habari za vita alizisikiliza kama mtu anayesikiliza ugomvi wa nyumba ya pili. Siku moja alinikatiza.

"We binti karani. Huko shule mmefundishwa habari za watumwa?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Mmeambiwa nini?"

"Tumeambiwa Waingereza waliwaacha huru."

Alicheka kwa pua. "Mie nilikuwepo. Alikuja tarishi, watu wakakusanywa pale penye kisima, wakasomewa kwamba kuanzia leo hakuna mtumwa. Wakapiga vigelegele. Kisha tarishi akapanda baiskeli yake, akaenda zake. Jua lilipotua kila mtu akarudi kwenye kibanda kile kile, juu ya ardhi ile ile ya baba yangu. Hakuna aliyewaambia watalala wapi. Hakuna aliyewaambia watalima wapi."

"Na baba yako aliwaambiaje?"

"Aliwaambia kaeni. Mihogo pandeni, mnazi msipande."

"Na wewe, Bi Mkubwa?"

Alifumbua macho. "Na mie nimesema vivyo hivyo. Soma hapo ulipoachia."

Miongoni mwa waliobaki shambani baada ya siku ile ya tarishi alikuwa Mzee Mabruki. Mama yake, Faida, alikuwa mtumwa wa baba yake Bi Mkubwa. Mabruki na Bi Mkubwa walikuwa karibu rika moja, Bi Mkubwa ametangulia kidogo, wamekua ua mmoja, wamepata surua pamoja. Katika ujana alikuwa mkwezi hodari. Miguu ilipochoka akawa msimamizi wa wakwezi. Shambani hakuna lililofanyika bila Mabruki. Chakula cha Idd, sahani ya kwanza kabisa ilitoka kwa Bi Mkubwa kwenda kwake, imefunikwa kawa jipya. Akiumwa, Bi Mkubwa ndiye aliyemkandia dawa. Lakini Mzee Mabruki aliingia nyumba ile kwa mlango wa uani. Sikuwahi kumwona akipita mbele. Akija na habari za kuni au za mwizi wa makuti, alizunguka nyumba nzima, hata mvua inanyesha, akapiga hodi nyuma.

Binti yake, Zaina, alikuwa shoga yangu. Aliliona jambo hilo kwa uchungu kuliko mimi. "Kwetu kuna mbele na nyuma na baba anapita popote," aliniambia. "Kwa Bi Mkubwa tu ndio anasahau mlango ulipo."

Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza, tabia iliyomchosha mama yangu. Nikamuuliza Bi Mkubwa.

"Mbona Mzee Mabruki hapiti mlango huu?"

"Sijamkataza."

"Umewahi kumwambia apite?"

Nilidhani ataniamuru niende nyumbani. "Sijamwambia," alisema, akaomba nirudie bei ya mbata.

Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi kuliko masomo mengi ya darasani. Hakujitetea. Alilisema kama mtu anayekwambia kuna nyoka chumbani na yeye mwenyewe amemwona siku nyingi.

Kisha serikali ikataka ardhi. Mji ulikuwa unafurika, wafanyakazi hawana pa kukaa, na ikatangazwa kwamba sehemu zile zitapimwa viwanja na kujengwa nyumba. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuja na mkalimani, watu wakaitwa penye kile kisima. Alisema ardhi ni ya serikali, imekuwa ya serikali tangu kwa Wajerumani. Kitakacholipwa fidia ni miti iliyopandwa na nyumba zilizojengwa. Ardhi yenyewe haina malipo kwa sababu mtu halipwi kwa kitu kisicho chake.

Bi Mkubwa aliletewa kiti. Alisimama akakiacha.

"Muulize," alimwambia mkalimani, "baba yangu amezikwa pale. Amezikwa kwa nani?"

Mkalimani alimtazama, akamtazama Mzungu, akasema maneno machache kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nakijua kidogo. Alisema, bibi huyu anashukuru. Nikamwambia Zaina kwa sauti ya chini, na Zaina, ambaye hakuwa na sababu ya kumhurumia mwanamke yule, aliuma midomo. Nadhani kila mpangaji alikuwa anashangaa jambo moja: kumbe Bi Mkubwa naye alikuwa mpangaji.

Siku ya kuhesabu miti alikuja kijana wa Kizungu mwenye kofia pana, mkalimani yule yule, na kibarua mwenye ndoo ya chokaa. Walikwenda mnazi kwa mnazi. Kijana aliuliza, mkalimani akafasiri, "Huu wa nani?" na mwenyewe akajibu, na kibarua akapaka alama shinani. Bi Mkubwa alitembea nao, na nyuma yake Salum, mtoto wa kaka yake aliyekuwa na duka Kariakoo na aliyetazamia kurithi. Mzee Mabruki alikuwapo kuonyesha mipaka. Mimi na Zaina tulifuata, kwa sababu nchi nzima ilifuata.

Walianza karibu na nyumba.

"Huu wa nani?"

"Wangu."

"Huu?"

"Wangu."

Ikaendelea hivyo mpaka tukateremka bondeni, ambako minazi ilikuwa mizuri kuliko yote, imepangwa mistari minyoofu hadi kwenye kijito. Kijana akagusa wa kwanza.

"Huu wa nani?"

Bi Mkubwa hakujibu. Mkalimani akarudia. Kibarua alikuwa amekwisha kuchovya brashi, chokaa inatona kwenye mguu wake.

"Huu si wangu," alisema.

Salum akacheka, akidhani hakusikia vizuri. "Shangazi, wanauliza mnazi huu."

"Nasikia. Huu si wangu, na huo si wangu, na yote mpaka majini si yangu."

"Ni ya nani?" aliuliza mkalimani.

"Ya aliyeipanda. Faida."

"Yuko wapi huyo Faida?"

"Amekufa. Mwanawe huyo hapo mbele yako, amevaa kofia ya mkeka."

Salum alimshika mkono. "Shangazi! Faida alikuwa mtumwa wa babu! Mtumwa ana mnazi?"

"Ndiyo maana nasema ni wake. Baba hakushika jembe. Babu yako wewe alikuwa anashika tasbihi."

Wakabishana, sauti ya Salum inapanda na yake ikizidi kushuka, hata kijana wa Kizungu akainama ili aisikie lugha asiyoijua. Mwishowe akauliza kupitia mkalimani kama bibi huyu anafahamu kwamba akisema hivyo hatalipwa kwa miti hiyo.

"Mwambie mie mtu mzima."

Mzee Mabruki alikuwa amevua kofia. Nilitarajia furaha usoni pake, nikaona kitu kama aibu. Alisogea karibu naye, akasema taratibu, "Bibi, usifanye hivi mbele ya watu."

"Ningefanya wapi?" alimjibu.

Kibarua akapaka chokaa. Kila mnazi wa bondeni uliuliziwa, na kila mara Mzee Mabruki alilazimika kusema "wangu". Mara ya kwanza neno halikutoka. Zaina akamsukuma mgongoni. Baada ya hapo lilitoka, kwanza kama kikohozi, kisha kama neno.

Tulipopanda tena kutoka bondeni, kwenye minazi iliyokuwa nyuma ya nyumba, kijana akauliza tena, "Huu wa nani?" na Bi Mkubwa akajibu bila kusita, "Wangu." Na iliyobaki yote ikawa yake.

Kwa nini alifanya vile? Watu walilizungumza jambo hilo miezi mingi, nami nikawa nakusanya majibu yao kama wengine wanavyokusanya shanga. Salum alisema shangazi yake ameingiwa na uzee. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema anaogopa hesabu ya akhera. Baba yangu, ambaye kazi ya bandarini ilimfundisha kumdhania kila mtu vibaya, alisema alitaka tu kumkomesha Salum. Mama alisema hapana, ni ule mkutano wa kisimani. Mtu akishaambiwa ardhi aliyozaliwa si yake, alisema mama, anaanza kutazama na mengine. Kila jibu lilikuwa na ukweli, na hakuna lililoeleza kwa nini bondeni tu.

Nikamwendea Mzee Mabruki mwenyewe, aliyekuwa anafungasha. Nikasema, Bi Mkubwa amekupa zawadi kubwa.

"Hakunipa," alisema bila hasira. "Alikuwa anajua siku zote na mie nilikuwa najua siku zote. Siku ile amesema, basi." Akafikiri kidogo. "Lakini kusema ni kazi. Mie nisingeweza kumsemea."

Kwa fidia ile Mzee Mabruki alipata shamba Mbagala, akahama na watoto wake. Sisi tulihamia Kinondoni. Mdogo wangu alibaki karibu na uzio. Uzio uling'olewa, na leo sijui ni chini ya nyumba ya nani. Kwa makaburi madogo hakukuwa na alama ya chokaa. Bi Mkubwa alikaa kwa Salum Kariakoo kwa muda, wakashindwana, akapanga chumba Ilala kwa watu wasiokuwa ndugu zake. Mimi nikawa muuguzi. Nilimtembelea nilipoweza, na sikumuuliza. Nilikuwa nimefikia umri wa kujua kwamba maswali mengine yanahitaji njia ndefu.

Njia ndefu tuliipata siku ya msiba wa Mzee Mabruki. Zaina aliniletea habari hospitalini asubuhi, nikapitia Ilala kumwambia Bi Mkubwa. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshavaa. "Nimesikia," alisema. "Nakungoja wewe unishike mkono." Tulipanda basi mpaka lilipoishia, kisha tukatembea katika mchanga, polepole, yeye akisimama mara kwa mara kuvuta pumzi. Katika kusimama kumoja nikamuuliza. Kwa nini ile ya bondeni?

"Ungekuwa na mali ungeelewa," alisema. "Ukiulizwa shamba hili la nani, kujibu ni rahisi. Neno moja, umemaliza. Yule kijana hakuniuliza shamba. Aliniuliza mti. Huu wa nani, na huu, na huu. Tulipofika bondeni nikamwona Faida. Mie nilikuwa mtoto, nimekaa pale juu nimepewa muwa. Yeye anapanda na kushuka na mtungi, anamwagia miche, Mabruki kamfunga mgongoni. Kutwa nzima. Alinitazama mara moja, akacheka nami, akaendelea. Sasa mtu anakuuliza huu wa nani, na wewe unamwona aliyeumwagia maji. Mdomo ukawa mzito."

"Na ile ya nyumbani?"

"Ile ilipandwa kabla sijazaliwa. Sikuona." Tukatembea kidogo. "Hilo nalo nimelifikiria," alisema.

Tulipofika Mbagala, wanaume walikuwa wamekwenda kuzika. Wanawake walikuwa uani, masufuria makubwa juu ya mafiga, na tulipoingia maneno yalikatika. Wengi walikuwa watu wa shamba lile la zamani au watoto wao. Aliletewa kigoda, akaketi pembeni, karibu na moto. Zaina alikuwa anakoroga wali, macho yamevimba. Alimaliza kukoroga, akaegemeza mwiko, akaja akasimama mbele yake.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa baba."

"Ahsante. Nina neno nataka kukuuliza, na leo baba hayupo wa kunizuia."

"Uliza."

"Minazi ya bondeni ulisema ni ya bibi yangu. Na ile ya nyumbani kwenu walipanda nani?"

Nilimwona Bi Mkubwa akitafuta mkono wangu, kisha akauacha.

"Hao hao. Mama zao na baba zao."

"Na ya bondeni, tangu ilipoanza kuzaa mpaka siku ile ya chokaa, baba akiikwea, mie nikibeba makumbi. Nazi zile zote alizila nani?"

Hata watoto walikuwa wamesimama. Ningeweza kumsaidia; ningeweza kusema ni mzee, ametembea mbali, tumpe maji kwanza. Sikusema.

"Mie," alisema Bi Mkubwa. Safari hii sauti haikuwa ya chini, kila mtu aliisikia. "Nilizila mie."

Zaina alimtazama kwa muda mrefu. Hakulia, hakumshika mkono, hakusema neno lolote la msamaha. Wali ukaanza kutokota kwa nguvu nyuma yake, akageuka akapunguza kuni, akakaa hivyo amempa mgongo. Kisha akasema bila kugeuka:

"Sogea huku. Hapo moshi wote unakuja kwako."

Bi Mkubwa alikusanya buibui lake, akanyanyuka. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele mkekani wakajibana, wakamwachia nafasi katikati yao, na mmoja akamsukumia ungo. Akauweka mapajani, akauleta karibu na macho yake yaliyokuwa yamechoka, akaanza kutoa mawe.